"Chilly" si "cold" ndogo, na "frigid" iacheni kabisa

Ile picha ya kufundisha Kiingereza imerudi tena kwenye magrupu. Safu ya kushoto "Usiseme", safu ya kulia "Sema". Usiseme "very cold", sema "freezing". Hapo sina ugomvi. Chini yake sasa: cool, chilly, icy, frigid, gelid, zimepangwa kama soda kwenye kreti, chukua yoyote utakayo. Nafundisha Kiingereza vijana wanaojiandaa kuongoza wageni Kilimanjaro, na juzi mmoja wao, mwerevu kweli, akanieleza kwa kujiamini kwamba kileleni ni "chilly".

Jamani. Kilele cha Uhuru ni mita 5,895. Wageni wanaondoka kambini usiku wa manane ili wafike alfajiri, upepo ukivuma, na kipimajoto kinaweza kushuka hadi hasi 10 na zaidi. Mwingereza ukimwambia "chilly" atachukua sweta. Atakuja na sweta hilo hilo, na wewe ndiye utakayemshusha akitetemeka.

Wengi wanadhani haya maneno ni ngazi: cool iko chini, inafuata chilly, kisha cold, kisha freezing, na kila moja ina nyuzi zake. Ingekuwa hivyo ningebandika kipimajoto ukutani nikaenda kunywa chai. Chukua nyuzi 16 za Selsiasi. Mgeni anatembea msituni juu ya geti la Machame, jasho linamtoka, kivuli kimemfunika: hapo ni "cool", na anaisema akitabasamu. Mgeni huyo huyo akikaa kupumzika na fulana iliyolowa, hewa ile ile inakuwa "chilly". Kipimajoto hakijasogea. Kilichobadilika ni kama baridi inampendeza au inamkera. "Cool" ina shukrani ndani yake, "chilly" ina manung'uniko, lakini manung'uniko ya mtu asiye hatarini. Ndiyo maana kileleni haifai: inamwambia mgeni kwamba shida yenyewe ni ndogo.

Halafu "chilly" inapenda hewa: chumba, jioni, asubuhi, upepo. Bia haiwi "chilly" hata ikae kwenye friji wiki nzima. Bia ni "cold", mvinyo ni "chilled". Na ukifika Afrika Kusini, "cool drink" ni soda tu, hata kama imeshinda juani.

Wanaotengeneza picha hizi wanachota kwenye vitabu vya visawe bila kujua vitabu hivyo vilitungwa kwa ajili ya nani. Peter Mark Roget, daktari wa Kiingereza, alichapisha kitabu chake mwaka 1852. Aliyapanga maneno kwa fikra, wala hakuyaeleza maana, kwa sababu alimwandikia mtu ambaye maneno tayari anayo, ila lile analolitaka limemponyoka ulimini. Ukimpa orodha hiyo mtu anayejifunza, ni kumkabidhi funguo zote za mtaa bila kumwambia ipi ya nyumba ipi. Mwanaisimu J. R. Firth alisema mwaka 1957 kwamba neno utalijua kwa wenzake linaotembea nao. Basi tazama wenzake: "bitterly" hutembea na cold, upepo ni "biting", mapokezi ya kununiwa ni "frosty". "Gelid" haina rafiki, sijawahi kumsikia mtu akiitamka. "Algid" ni ya madaktari: kuna "algid malaria", malaria kali ambayo mgonjwa ngozi inapoa na presha inashuka.

"Frigid" je? Kwa hali ya hewa ni sahihi, ila ni ya kimaandishi mno. Kwa mtu, hasa mwanamke, ni tusi linalogusa mambo ya chumbani. Mama wa watu anatetemeka, wewe unamuuliza "Madam, are you frigid?" Utakosa bakshishi, na utakuwa umestahili.

Mengine haraka haraka. "Very freezing" haisemwi. Freezing tayari iko ukingoni, ongeza "absolutely" ukitaka. "I hear cold" ni "nasikia baridi" yetu iliyovaa suti ya Kiingereza. Sema "I'm cold". "I have a cold" ni mafua, na ka-"a" kadogo hapo ndiko kanakoleta ugonjwa. "He is cold" inaweza kuwa anatetemeka au hana huruma, sikiliza muktadha. Sisi jambo likipoa ni heri, hasira imepoa, mambo poa. Wao wametoka kwenye theluji, kwa hiyo sifa ya mtu ni "warm".

Linalonisumbua kweli ni "cold feet". Kwenye vitabu ni rahisi: "to get cold feet" ni kuingiwa na woga dakika za mwisho, kama bwana harusi anayetafuta mlango wa nyuma. Sasa mpeleke mgeni kambi ya Barafu, mita 4,600 na ushee, saa sita usiku, aseme "I've got cold feet". Anaogopa, au vidole vinaanza kufa ganzi? Woga unatulizwa kwa maneno, vidole vinataka kuvuliwa viatu na kuangaliwa. Angesema "my feet are cold" ningejua ni mwili. Ile nyingine, kwa sentensi peke yake, siwezi kuamua, na sidhani mzawa wa London angeweza. Nawafundisha waulize "Can you feel your toes?" bila aibu.

Na hata "freezing" niliyoisifu pale juu si salama. Mwingereza huisema ofisini kwa nyuzi 15 kisa kuna mtu kafungua dirisha. Ukimwambia kileleni ni "freezing" atadhani unapiga chumvi kama yeye. Kwa hiyo sasa nawaambia vijana wataje namba. Hapo nako Mmarekani anahesabu kwa Farenhaiti: 20 yake ni hasi 7 yetu, na "minus ten" yetu kwake inasikika kama hasi 23. Sema "minus ten Celsius", kisha fungua begi lake mwenyewe uone kama glavu zimo.