Sauti ya mgodini si pambo la picha
Wengi hudhani kwamba sanaa ya video kuhusu migodi ni filamu ya habari iliyokosa msimulizi, na kwamba sauti yake huwekwa ili kuipamba picha tu. Kazi ya msanii Mwingereza Steve McQueen iitwayo Western Deep, iliyoonyeshwa Kassel, Ujerumani, mwaka 2002, inaikanusha dhana hiyo: lifti inateremka katika mgodi wa dhahabu wa TauTona, Afrika Kusini, karibu gizani kabisa, na mtazamaji hukipima kina kwa masikio, kelele za vyuma zikivuma kisha zikikatika ghafla. Hakuna anayesoma takwimu za uzalishaji. Nami naona, ingawa wapo watakaobisha, kwamba maelezo yangempa mtazamaji mwanya wa kuukwepa mwili wa mchimbaji anayetoka jasho chini ya ardhi.