Kundi la Kigaidi Likinyamaza, Limekwisha?

Usiku wa tarehe 16 Juni 2023, wapiganaji wa ADF, kundi la waasi lililoanzia Uganda, walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, magharibi mwa Uganda, wakawachoma wavulana bwenini. Waliouawa walizidi 40, wengi wao wanafunzi. Juni 1998 kundi hilohilo lilikuwa limechoma mabweni ya chuo cha ufundi cha Kichwamba, si mbali sana na hapo, na kuua wanafunzi wapatao 80.

Katikati ya miaka hiyo 25, wengi waliamini ADF imekwisha. Jeshi la Uganda liliitimua kutoka milima ya Rwenzori, mabaki yake yakavuka mpaka na kujichimbia katika misitu ya Beni, Kongo. Huko walioa vijijini, wakalima, wakafanya biashara ya mbao na kulea watoto kambini. Mashambulizi yalipungua, na sisi tunaofuatilia usalama tunapenda mno kuhesabu mashambulizi. Lakini viongozi walikuwepo, maficho yalikuwepo, pesa kidogo iliingia. Kufikia 2013 walianza tena kushambulia, na kuanzia Oktoba 2014 raia wa Beni wakauawa kwa mapanga.

Mwaka 2015 kiongozi wao, Jamil Mukulu, alikamatwa Tanzania. Watu wakashusha pumzi mapema. Musa Baluku alishika nafasi yake na kulipeleka kundi kwa Dola la Kiislamu (IS), ambalo mwaka 2019 lilianza kudai kuhusika na mashambulizi ya ADF.

Irak ilikuwa vivyo hivyo: tawi la al-Qaeda lililopoteza viongozi wake wawili wakuu mwaka 2010 lilivunja gereza la Abu Ghraib Julai 2013, mamia wakatoroka, na Juni mwaka uliofuata likauteka mji wa Mosul.

Yapo makundi yaliyokwisha kweli. ETA, kundi lenye silaha la Wabaski wa Uhispania, ilikabidhi silaha 2017, ikatangaza kujivunja 2018. Kundi lililokimbilia msituni na bunduki zake halijafanya lolote kati ya hayo.

Kwa wakazi wa mpakani, dalili huonekana mapema kuliko milio ya risasi. ADF imewanasa vijana wengi kwa ahadi za kazi au masomo. Kijana akiambiwa kuna kazi Kongo, nauli imelipwa, mwajiri hatajwi jina, na anakatazwa kuwaaga nyumbani, mwarifuni mwenyekiti wa kijiji au polisi kabla hajapanda gari.