Dawa ya Mirembe kwa miguu inayowaka moto

Bibi mmoja kutoka Mvumi alifungua pindo la khanga yake, akaniwekea vidonge juu ya kaunta. "Mjukuu wangu, mmenipa dawa ya Mirembe?" Kisukari chake cha miaka mingi kilikuwa kimeanza kumchoma nyayo kila usiku, kiasi kwamba alikuwa akilala miguu ikiwa nje ya shuka. Daktari alimwandikia amitriptilini, nusu kidonge usiku. Jirani yake alisoma jina kwenye pakiti, akamwambia hiyo hupewa wagonjwa wa akili.

Jirani hakusema uongo. Hapa Dodoma ukitaja Mirembe, hospitali yetu ya magonjwa ya akili, hakuna anayekuuliza unazungumzia nini, na amitriptilini ni dawa ya sonona iliyoanza kutumika tangu miaka ya 1960. Ipo katika kundi la traisaikliki, jina lililotokana na pete tatu zilizoungana kwenye umbo la kemikali yake. Ila kidonge hakijui kimeandikwa na daktari wa akili au wa kisukari. Mishipa ya fahamu huwasiliana kwa kumwaga kemikali, kisha huzifyonza tena. Dawa hii huzuia serotonini na noradrenalini zisifyonzwe upesi. Kwenye ubongo hilo huinua hali ya mgonjwa wa sonona, kwenye uti wa mgongo hupunguza ujumbe wa maumivu unaopanda kutoka miguuni. Maumivu ya neva, yaani ya mishipa hiyo ya fahamu, hayasikii sana paracetamol wala diclofenac. Wengi hufika kwangu wakiwa wameshazimeza kwa miezi.

Kinachotofautiana ni dozi. Kwa maumivu ya neva, au kuzuia kipandauso kinachojirudia, tunaanza na miligramu 10 hadi 25 usiku. Kidonge kinachopatikana sana kwetu ni cha 25, ndiyo maana ya ile nusu ya bibi. Dozi hupandishwa taratibu, na wengi hawavuki 75. Kwa sonona daktari hupandisha hadi 100 au 150, wazee wakipewa kidogo zaidi. Usitegemee nafuu kesho yake: usingizi huja usiku wa kwanza, lakini maumivu na sonona hudai wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi. Hapo ndipo wengi huacha, wakisema dawa "imewalaza tu". Mwenye kuitumia muda mrefu naye asiikate ghafla. Hupunguzwa kwa wiki kadhaa, la sivyo hujikuta na kichefuchefu, kichwa kuuma na usingizi kupotea.

Bibi nilimwambia ameze saa mbili usiku, asingoje saa nne, ili asiamke na kichwa kizito. Mwenye bodaboda namwambia zaidi ya hapo: siku za mwanzo asiendeshe mpaka ajue dawa inamfanyaje. Na usiku ukiamka kwenda chooni, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda. Presha hushuka ukisimama ghafla, na nyonga ya mzee ikivunjika ni msiba mwingine.

Kinywa kitakauka. Ukavu wa hewa yetu ya Dodoma unauongeza, na watu hukimbilia ubuyu wa sukari, jambo ambalo meno hayatalisamehe. Maji kidogo kidogo yanatosha. Choo kigumu kinasaidiwa na maji na mboga za majani (bibi alicheka: "Mlenda ninao, mjukuu wangu"). Jasho nalo linaweza kupungua, kwa hiyo jua la Oktoba shambani si la kushindana nalo.

Kuna maswali mawili nisiyoyaruka tena. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilimpa mzee mmoja dawa hii bila kumuuliza kuhusu mkojo. Siku ya tatu alirudi akijikunja, kibofu kimejaa, mkojo hautoki. Tezi dume yake ilikuwa imevimba na mimi sikuuliza. La pili ni moyo: aliyepata shambulio la moyo karibuni, au mwenye mapigo yasiyo na mpangilio, haimfai. Mwenye presha ya macho aseme kabla ya kupewa. Anayetumia tramadol ya maumivu au fluoxetine ya sonona naye aseme, na akiugua malaria amwambie mhudumu anameza amitriptilini kabla ya kupewa dawa mseto, kwa kuwa zote mbili zinaweza kugusa mwendo wa moyo. Pombe, hata ya zabibu zetu, ikae kando.

Hofu yangu kubwa ni ile pakiti iliyobaki juu ya meza. Vidonge vitano vya 25 vinaweza kuhatarisha maisha ya mtoto wa kilo 12: degedege, moyo kuyumba. Usimtapishe, usimnyweshe maziwa ukisubiri. Mpeleke hospitali hata kama anaonekana mzima, na ubebe pakiti. Kwa sababu hiyohiyo mgonjwa wa sonona mwenye mawazo ya kujiua hatumpi vidonge vya mwezi mzima, na nyumbani ni vizuri avishikiwe na mtu mwingine, hasa wiki za mwanzo.

Baada ya mwezi bibi alirudi, miguu sasa inalala ndani ya shuka. Nilimuuliza vidonge anaviweka wapi. Akafungua tena lile pindo la khanga, akanionyesha ufunguo wa sanduku. Jirani, akasema, ameshaomba viwili vya mgongo wake, na hajapata.