Kuahirisha si kughairi

Ujumbe ulisema: "Kikao cha Jumamosi kimeghairiwa hadi wiki ijayo." Nikausoma mara mbili. Kama kimeghairiwa, hiyo "hadi" inatafuta nini hapo? Wenzangu wawili waliishia neno la nne, wakajipangia safari.

Kuahirisha ni kukiondoa kitu kwenye tarehe yake na kukipeleka tarehe ya baadaye. Basi. Shida iko kwa jirani zake.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, mzizi mmoja na akheri, yaani mwisho, na akhera, maisha yanayofuata haya. Anayeahirisha amekirudisha kitu nyuma kwenye foleni, hajakitoa foleni. Ghairi nalo ni la Kiarabu, ila mzizi wake ni wa kubadilika, kuwa kingine. Ndiyo maana tunasema "ghairi ya hayo" tukimaanisha mbali na hayo. Aliyeghairi amebadili nia. Ukimuuliza "sasa lini?" unamwonea, hana lini.

Tokyo imeonja yote mawili. Olimpiki ya 2020 iliahirishwa, ikafunguliwa tarehe 23 Julai 2021, na hata jina halikuguswa: ikaendelea kuitwa Tokyo 2020. Ile ya 1940, ambayo mwanzoni ilipangiwa mji huohuo, ilifutwa kwa sababu ya vita. Haikuchezwa 1941 wala mwaka mwingine wowote.

Kusitisha ndiko kunakonichosha zaidi, maana siku hizi kila kitu "kimesitishwa". Kusita ni kusimama katikati ya mwendo, kwa hiyo kinachositishwa ni kile kilichokwisha kuanza: mapigano, malipo, huduma. Harusi ya mwezi ujao utaisitishaje wakati hata bwana harusi hajavaa? (Maandalizi yake, sawa, hayo yanasitishika.) Kuchelewesha ni jambo jingine kabisa: tarehe ipo palepale, sisi ndio hatujafika.

"Kusogeza mbele" sina ugomvi nako, ingawa wapo wanaodhani siku imeletwa karibu.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi wa ujumbe, ulichotaka kusema ni "kimeahirishwa hadi wiki ijayo". Na siku ambayo tarehe mpya haijapatikana, "kimeahirishwa, tarehe tutawajulisha" inatosha kabisa.