Mkono wa chapati haujui pankeki

Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya chapati na maandazi huingia kwenye pankeki kwa kujiamini sana. Unga anaujua, moto anaujua. Halafu anatoa kitu kigumu kama soli ya kandambili na kuanza kulaumu unga wa siku hizi. Unga wa watu hauna kosa. Ni mazoea ya chapati yameingia jikoni pasipo pake.

"Koroga mpaka mabonge yaishe kabisa." Hili ndilo linaloharibu pankeki nyingi kuliko yote, na asili yake naielewa. Chapati za maji ni nyembamba, bonge dogo tu linazichana, ndiyo maana tulifundishwa kupiga rojo mpaka liteleze. Pankeki nene inataka kinyume chake. Unga wa ngano ukilowa na kukorogwa, protini zake hushikana na kuunda gluteni, ule mnato unaolifanya donge livutike bila kukatika. Kwenye chapati tunautafuta, tunakanda mpaka mabega yaume. Kwenye pankeki mnato huohuo unabana na kukupa kitu cha kutafuna kama mpira. Changanya vikavu peke yake na majimaji peke yake, vikutanishe, koroga mizunguko kumi na tano hivi, na ukiona unga mkavu umepotea weka mwiko chini. Mabonge madogo yatajimaliza yenyewe. Liache rojo litulie dakika 10.

Vipimo vyangu: unga kikombe 1, bekingi poda vijiko vya chai 2, sukari kijiko cha chakula 1, chumvi kidogo, yai 1, maziwa robo tatu ya kikombe, siagi iliyoyeyushwa vijiko vya chakula 2. Maziwa yasiwe ya baridi ya friji, siagi itaganda vipandevipande. Kama pakiti inasema unga wako umeshatiwa bekingi poda, usiongeze nyingine.

Kuna wanaosema hamira, bekingi poda na magadi ni kitu kimoja. Hapana. Hamira ni viumbe hai vinavyokula sukari na kutoa hewa polepole. Ndiyo ya vitumbua na maandazi, na inahitaji muda. Bekingi poda ina bekingi soda pamoja na asidi yake, na nyingi za madukani hufanya kazi mara mbili: zikilowa, na tena zikipata moto. Bekingi soda peke yake haina asidi, kwa hiyo inataka maziwa mgando au ndimu. Bila hivyo pankeki haiumuki vizuri na inaacha ladha ya sabuni. Magadi ya kuivishia maharage yaache kwenye maharage. Na kama kopo lako la bekingi poda limekaa tangu Idi ya mwaka juzi, tia kijiko kimoja kwenye maji ya moto. Isipochemka kwa povu, imekufa.

"Moto mkali ndio unaoiinua." Moto mkali unaiunguza nje na kukuachia uji katikati. Weka moto wa wastani. Kwa jiko la mkaa, funika makaa kwa majivu kidogo. Mafuta pia si ya kumwaga kama unakaanga sambusa: pakaza kikaango kwa kitambaa, basi. Mapovu yakipasuka juu na matundu yakabaki wazi, geuza mara moja tu. Na tafadhali usiigandamize na mwiko! Hewa uliyoihangaikia yote inatoka.

Sasa tunda la kumwagia juu ya pankeki. Wengi hulitia maji kikombe kizima na kulichemsha kama jamu, likaishia rojo lisilo na sura. Embe dodo lililoiva lakini bado limekaza lina maji yake ya kutosha. Likate vipande, nyunyizia vijiko vya chakula 2 vya sukari, liache dakika chache: sukari italivuta maji. Weka kwenye moto mdogo dakika tano na iliki kidogo. Ndimu kamulia mwishoni, harufu yake isipotee.

Nanasi lina dhana yake, kwamba likikutana na maziwa ni sumu. Si sumu. Nanasi bichi lina asidi, na lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini kinachovunja protini. Ndiyo maana maziwa hukatika na mtindi huwa mchungu. Likichemka, bromelaini inakufa. Kwa hiyo nanasi la moto juu ya pankeki yenye maziwa halina neno, hata ukiongeza mtindi pembeni.

Tunda limwagie mezani, si jikoni. Pankeki iliyokaa na maji ya tunda robo saa inalowa kama mkate kwenye chai, ingawa mimi hiyo iliyolowa ndiyo ninayoivizia watoto wakishaondoka.