Ujongezaji wa msimbo: linta ikaze wapi, ilegee wapi

Linta ni programu inayosoma msimbo ulioandika na kukuonesha kasoro hata kabla hujauendesha. Ya kwanza iliandikwa na Stephen C. Johnson wa Bell Labs, Marekani, mwaka 1978, kwa ajili ya lugha ya C. Siku hizi karibu kila lugha ina linta yake, na nyingi hukagua pia ujongezaji, yaani nafasi zinazoachwa mwanzoni mwa mstari ili ionekane upi umo ndani ya upi.

Ukaguzi huu huwachosha sana wanaoanza. Kijana wa Tunguu au Chake Chake anaukuta mradi wa wenzake, anaendesha linta, na skrini inajaa maonyo ya nafasi tu. Wengi huizima hapo hapo. Hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu wanayakosa na maonyo ya maana. Linta inaweza kulegezwa bila kuzimwa, ila lazima ujue unalegeza nini.

Chukua programu ndogo ya Python inayojumlisha kilo za karafuu kutoka wilaya nne za Pemba:

```
for w in wilaya:
    jumla += kilo[w]
print(jumla)
```

Kwenye Python ujongezaji ni sehemu ya sarufi. Usogeze mstari wa mwisho nafasi nne ndani, na programu itachapisha mara nne, kila wilaya na jumla yake ya njiani, badala ya jibu moja la mwisho. Na linta haitasema kitu! Nafasi nne ni kipimo halali, kwa hiyo kwake umbo liko sawa. Kosa limo kwenye maana. Ndiyo maana sipendi mtu aitegemee linta kwa kila jambo. Ukichanganya nafasi na kitufe cha Tab hadi mpangilio usieleweke, Python 3 yenyewe hukataa kuuendesha msimbo.

Sehemu hii, basi, haina la kulegezwa isipokuwa kipimo chenyewe. PEP 8, mwongozo wa uandishi wa Python wa mwaka 2001, unataka nafasi nne. Mradi unaotumia mbili kila mahali hauna kosa la sarufi, lakini pycodestyle, linta ya Python inayofuata PEP 8, iliulalamikia kwa miaka, mpaka mwaka 2021 ilipopata chaguo la `indent-size`, ambapo mradi hutaja kipimo chake wenyewe.

Penye uhuru hasa ni mstari mrefu uliokatwa. Ndani ya mabano Python haijali umeanzia wapi, hivyo nafasi ni za macho ya msomaji tu:

```
wilaya = sajili("Pemba",
                "Wete", "Micheweni",
                "Chake Chake", "Mkoani")

wilaya = sajili(
    "Pemba", "Wete", "Micheweni",
    "Chake Chake", "Mkoani",
)
```

PEP 8 inazikubali namna zote mbili, na inasema wazi kwamba kanuni ya nafasi nne si ya lazima kwenye mistari iliyoendelezwa. Pycodestyle nayo, usipoibadilisha, huyanyamazia maonyo E121, E123 na E126, yote ya mistari ya aina hii. Lakini E127 na E128 hubaki macho: kwa namna ya kwanza, ukipitiliza au ukipungukiwa hata nafasi moja kutoka kwenye bano, utaambiwa. Mimi ningeyaacha, kwani mpangilio uliokosewa kidogo humsumbua msomaji kuliko usiokuwepo.

Checkstyle, linta ya Java, ina mfano ninaoupenda zaidi. Chaguo lake la `forceStrictCondition` likiwa `false`, mstari uliokatwa unaweza kuingia ndani zaidi ya kipimo kadiri unavyotaka, ila usipungue. Kipimo kinakuwa kiwango cha chini tu. Kwenye JavaScript, linta ya ESLint hukuachia uamue kama `case` ijongezwe ndani ya `switch` au ilingane nayo. Kanuni yake ya ujongezaji ilipoandikwa upya kwenye toleo la 4, mwaka 2017, ikawa kali zaidi, na ile ya zamani ikabakishwa kwa jina la `indent-legacy` ili miradi ihame taratibu.

Maamuzi haya yaandikwe kwenye faili la mipangilio la mradi, lisafiri pamoja na msimbo. Yakiwa kwenye kompyuta ya mtu mmoja, wa Wete ataonywa kwa mstari ambao wa Mjini umempita kimya. Kwa msimbo wa zamani usiotaka kuugusa, flake8, linta nyingine ya Python, ina `per-file-ignores`: unataja faili na namba za maonyo ya kunyamaziwa humo, na faili jipya linaendelea kukaguliwa kikamilifu.