Je, wajua kwa nini chanjo ya DNA ya malaria inakawia?

Alasiri mjini Lamu hukosi kumkuta mtu barazani ana kitambaa kilichochorwa, sindano mkononi, anashona kofia ya vito. Ule mchoro si kofia, ila ukimfikia anayejua kushona, kofia itatoka.

Chanjo ya DNA ni mchoro. RTS,S, chanjo ya malaria ambayo Kenya ilianza kuwapa watoto mwaka 2019, huuletea mwili kofia iliyokwisha kushonwa, yaani kipande cha protini ya kimelea. Ya DNA huleta maagizo tu: duara dogo la DNA liitwalo plasmidi, linalodungwa kwenye msuli. Seli zetu huishona protini zenyewe, na kinga ikajifunza sura ya adui kabla hajabisha hodi. Tena DNA hustahimili joto, jambo ambalo yeyote aliyeona kasha la barafu likishushwa mashuani Kizingitini jua la saa saba hahitaji kuelezwa.

Basi mbona haijafika? Mwaka 1998 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu 20 wenye afya waliodungwa DNA ya malaria. Seli T zenye kuua seli zilizoambukizwa ziliamka, kingamwili hazikuonekana. Tatizo ni kwamba mchoro lazima uingie hadi ndani ya kiini cha seli, na mwingi huishia mlangoni. Siku hizi hujaribiwa umeme kidogo wa kuzifungua seli, au dawa husukumwa kwa presha bila sindano, kama chanjo ya DNA ya korona iliyoidhinishwa India mwaka 2021.

Lakini korona ni kirusi, mzigo mwepesi. Plasmodium falciparum, kimelea wa malaria, ana jeni zaidi ya 5,000, na mimi hapo ndipo namwona mjanja kweli. Akishaingia kwenye chembe nyekundu za damu, huzivalisha protini ambayo ana jeni zake kama 60, na hutumia moja kwa wakati. Kinga ikiizoea kofia hii, yeye keshavaa nyingine. Ndiyo maana wengi humlenga anapotoka tu kwa mbu, akiwa na vazi lisilobadilika sana. Ila hapo nafasi ni finyu: huchukua kama saa moja tu kujificha kwenye ini.

Mbwa wametutangulia. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliwaidhinishia chanjo ya DNA dhidi ya leishmania, kimelea anayeenezwa na usubi. Hutiwa puani.